Sauti ya Kusainiwa na Sauti ya Kuazimwa: Todd Matshikiza, Dolly Rathebe na Safu Mbili za Jarida la Drum

Ikisiri

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umelishughulikia gazeti kama chanzo cha mashairi na hadithi, lakini ni mara chache umezitazama safu zake za kila wiki au kila mwezi kama tanzu zenye kanuni zake. Makala haya yanachunguza safu mbili za jarida la Drum la Afrika Kusini katika miaka ya 1950: uandishi wa muziki wa Todd Matshikiza na safu ya ushauri iliyobeba jina la mwimbaji Dolly Rathebe. Kwa kutumia mgawanyo wa majukumu ya msemaji uliopendekezwa na Erving Goffman, makala yanadai kwamba tofauti kuu kati ya safu hizo haimo katika mada wala mtindo, bali katika suala la nani anayewajibika kwa yaliyosemwa. Matokeo hayo yanalinganishwa na mapokeo ya nasaha ya Waswahili, kuanzia Mwana Kupona hadi safu za shangazi katika magazeti ya leo. Makala yanahitimisha kwamba mhakiki wa safu ya ushauri hana budi kuuliza kwanza swali la dhamana kabla ya kuhukumu maudhui.

1. Utangulizi

Msomaji wa magazeti ya Afrika anazijua vyema sauti mbili. Ya kwanza ni ya mwandishi wa muziki, anayetueleza bendi gani imepiga vizuri, mwimbaji gani anapanda na nani amechuja. Ya pili ni ya mshauri, anayejibu barua za watu walioachwa, waliopendwa na wasiowapenda, au wanaoogopa kuwaeleza wazazi wao jambo fulani. Mara nyingi sauti hizi hukaa jirani katika chapisho lilelile, na mara nyingine mwandishi mmoja huzibeba zote. Ujirani huo una sababu. Muziki wa dansi na mambo ya mapenzi vina wasomaji walewale: vijana wa mjini waliokwisha kutoka chini ya macho ya wazee wao lakini hawajapata wa kumwuliza.

Pamoja na hayo, safu hizi hazijapewa nafasi ya kutosha katika taaluma yetu. Tunalisoma gazeti la Mambo Leo kwa sababu ya washairi waliochapishwa humo, na tunazisoma barua za wasomaji kwa sababu zinatusaidia kufuatilia historia ya usanifishaji wa lugha. Safu yenyewe, kwa maana ya utanzu wenye msemaji wa kudumu, hadhira inayorejea na kanuni za kuaminiana, hubaki mikononi mwa wanahistoria na wanasosholojia. Makala haya yanajaribu kuirudisha mezani kwa wanaisimu na wahakiki.

Mfano uliochaguliwa unatoka nje ya eneo la Kiswahili. Drum lilianzishwa Afrika Kusini mwaka 1951 na liliandikwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, zipo sababu mbili za kulileta hapa. Kwanza, jarida hili lilikuwa na matoleo ya Afrika Magharibi na Afrika Mashariki, na mwanahistoria Mkenya Kenda Mutongi (2000) ameonesha kwamba safu yake ya ushauri ilipokea barua za vijana kutoka sehemu mbalimbali za bara katika miaka ya 1960 na 1970. Pili, Drum linatupatia jambo ambalo ni nadra kulikuta likiwa wazi kiasi hiki. Ndani ya ofisi moja, mwanamuziki mmoja aliandika kwa jina lake mwenyewe, na jina la mwanamuziki mwingine likatumiwa na watu ambao hawakuwa yeye. Kwa mtu anayetaka kujua sauti ya gazetini imeundwa na nini, hapo ni mahali pazuri pa kuanzia.

2. Nani anasema? Mtamkaji, mtunzi na mdhamini

Katika mazungumzo ya kawaida tunadhani kwamba msemaji ni mmoja. Goffman, katika makala yake ya mwaka 1979 kuhusu misimamo ya wasemaji, alionesha kuwa neno hilo linaficha majukumu matatu. Yupo anayetoa sauti, yaani yule ambaye maneno yanatoka kinywani mwake. Makala haya yatamwita mtamkaji. Yupo aliyechagua maneno na kuyapanga. Huyu ni mtunzi. Tena yupo ambaye msimamo wake ndio unaotangazwa, na ambaye maneno yakileta madhara ndiye anayepaswa kuulizwa. Huyu tutamwita mdhamini.

Majukumu hayo huweza kukaa kwa mtu mmoja au kugawanyika. Mshenga anapokwenda kuposa, yeye ni mtamkaji, na pengine ni mtunzi pia, kwa kuwa ufasaha ni wake. Lakini mdhamini ni ukoo uliomtuma. Hakuna anayedanganywa, kwa sababu pande zote mbili zinajua mshenga ni nani na nani amemtuma. Jambo hili ni la msingi kwa hoja itakayofuata. Kugawanyika kwa majukumu si udanganyifu. Udanganyifu huanza pale mgawanyo unapofichwa kwa yule anayepaswa kuyatenda yaliyosemwa.

3. Todd Matshikiza: kalamu kama kinanda

Todd Matshikiza alizaliwa mwaka 1921 mjini Queenstown, katika familia ya wanamuziki. Alisomea muziki katika Chuo cha Adams huko Natal, akafundisha Lovedale, na mwishoni mwa miaka ya 1940 alihamia Johannesburg. Alipojiunga na Drum mwanzoni mwa muongo uliofuata, jarida lilikuwa limebadili mwelekeo. Matoleo ya kwanza, yaliyochapishwa Cape Town kwa jina la The African Drum, yalijaa ngano, machifu na ngoma za jadi. Anthony Sampson, aliyekuwa mhariri kuanzia 1951 hadi 1955, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1956 jinsi wasomaji wa mjini walivyoyakataa mambo hayo. Walitaka jazi, ndondi, filamu na habari za watu waliofanana nao. Safu ya muziki ilizaliwa na dai hilo, na kwa hiyo tangu mwanzo kazi yake ilikuwa pana kuliko kusifu au kulaumu nyimbo. Ilikuwa ushahidi kwamba Mwafrika wa mjini ana utamaduni wake, jambo ambalo sera ya ubaguzi wa rangi ilikuwa ikilikana kisheria.

Wenzake waliupa mtindo wake jina la Matshikese, kana kwamba ni lugha inayojitegemea. Sampson anaeleza kuwa aliishambulia mashine ya chapa kana kwamba anapiga piano, na sentensi zake zilikuwa na mapigo. Kwa istilahi zetu tungesema kwamba alitegemea takriri, tanakali za sauti, nidaa na uundaji wa maneno mapya, na kwamba kipimo cha sentensi yake kilikuwa pumzi kuliko kanuni za sarufi. Alimsemesha msomaji kama mtu aliyeketi naye meza moja. Haya ni mambo ambayo mtafiti wa fasihi simulizi anayafahamu. Mwandishi huyu alichukua kanuni za usimulizi wa ana kwa ana na kuziingiza katika uandishi wa habari, kwa lugha ya kigeni ambayo aliipinda mpaka ikakubali.

Uamuzi huo wa kimtindo ulikuwa na uzito wa kisiasa. Sheria ya Elimu ya Kibantu ya mwaka 1953 ilikusudia kumrudisha mtoto wa Kiafrika katika mipaka ya kabila na kazi za mikono. Kiingereza safi cha shule za misheni kilikuwa njia moja ya kuupinga mpango huo. Waandishi wengi wa kizazi kile waliifuata. Matshikiza alichagua njia nyingine. Kiingereza chake hakikuomba cheti kwa Mwingereza wala hakikukubali kifungo cha kabila. Kilikuwa lugha ya mtaa wa Sophiatown, ambao serikali ilianza kuubomoa mwaka 1955. Mtindo ulihifadhi kitu ambacho matingatinga yalikuwa yakikifuta.

Kwa upande wa maudhui, uandishi wake una sifa ambayo wahakiki wa muziki wa leo wangefaidika nayo: alijua kazi inafanyikaje. Alipomwelezea mpiga kinanda Boet Gashe, aliyekuwa akipiga katika dansi za watu maskini huko Queenstown, hakuishia kusema kwamba muziki ulipendeza. Alionesha chumba, kiingilio, mwili wa mpigaji na namna wachezaji walivyoendeshwa na ala. Wanahistoria wa muziki wa Afrika Kusini, miongoni mwao David Coplan, wameyategemea maelezo hayo kwa sababu muziki huo wenyewe kwa kiasi kikubwa haukurekodiwa. Makala iliyoandikwa kwa wasomaji wa mwezi mmoja ikawa kumbukumbu ya sauti isiyosikika tena.

Tukirudi kwa Goffman, katika safu hii mtamkaji, mtunzi na mdhamini ni mtu mmoja. Jina lililoko juu ya makala ni la mtu ambaye wasomaji waliweza kumkuta ukumbini akipiga piano. Akikosea kuhusu bendi, bendi ilijua mahali pa kumpata. Hali hii ilikuwa na hatari zake, kwani mhakiki aliyekuwa pia mtunzi na mpigaji aliwaandikia habari wenzake na washindani wake. Lakini hatari hiyo ilikuwa wazi, na msomaji aliweza kuipima.

Zipo dalili kwamba Matshikiza mwenyewe alilielewa suala la umiliki wa sauti kwa uchungu. Mwaka 1959 alitunga muziki wa tamthilia ya King Kong, kuhusu maisha ya bondia Ezekiel Dlamini, ambayo Miriam Makeba alishiriki kama mwimbaji mkuu wa kike na ambayo ilifika London mwaka 1961. Katika kitabu chake Chocolates for My Wife, kilichochapishwa mwaka huohuo wa 1961, anadokeza mashaka yake kuhusu yale yaliyoupata muziki wake mikononi mwa washiriki Wazungu. Jina lake lilikuwa kwenye mabango, lakini sauti haikuwa yake yote. Yule ambaye kwenye safu alikuwa mtunzi na mdhamini, jukwaani alijikuta akibaki na jina. Hakurudi kuishi Afrika Kusini; mwaka 1964 alihamia Zambia, na mwaka 1966 alikuwa miongoni mwa waandishi wa uhamishoni ambao maandishi yao yalipigwa marufuku nchini kwao. Alifariki Lusaka mwaka 1968.

4. Dolly Rathebe: jina bila kalamu

Dolly Rathebe alizaliwa mwaka 1928 na akakulia Sophiatown. Filamu ya mwaka 1949, inayojulikana kama Jim Comes to Jo'burg, ilimfanya kuwa mmoja wa nyota wa kwanza wa kike wa Kiafrika katika sinema ya nchi hiyo. Aliimba jazi, alizunguka na vikundi vya maonesho, na picha yake ilikuwa mojawapo ya nguzo za mauzo ya Drum. Tukio moja linaonesha gharama ya umaarufu huo. Alipokuwa akipigwa picha na Jürgen Schadeberg, mpigapicha Mzungu wa jarida hilo, juu ya lundo la mchanga wa mgodi wa dhahabu, polisi waliwakamata wote wawili kwa kuwashuku kuvunja sheria iliyokataza mahusiano ya kimapenzi kati ya Wazungu na Waafrika. Mwanamke huyo alikuwa kazini. Dola ilimwona kama mkosaji wa maadili.

Mwanamke huyohuyo ndiye aliyepewa kiti cha mshauri wa maadili. Safu ya Drum ya kujibu barua za mapenzi, iliyojulikana kwa anwani ya Dear Dolly, ilitumia jina na umaarufu wake. Barua zilimwendea Dolly na majibu yalitoka kwa Dolly. Majibu hayo, kama watafiti wa jarida hilo walivyobainisha, yaliandikwa na wanaume wa chumba cha habari. Kwa lugha ya Goffman, Dolly alibakiziwa jukumu la mtamkaji, tena mtamkaji asiyefungua kinywa. Utunzi ulikuwa wa wanaume, na dhamana ilikuwa ya jarida, ambalo lilikuwa na maslahi yake ya kibiashara katika kuendelea kwa barua.

Dorothy Driver, katika uchambuzi wake wa mwaka 1996 kuhusu Drum la miaka ya 1950, anaiweka hali hii katika mkondo mpana zaidi. Anaonesha kwamba jarida lililojivunia kumpa Mwafrika sauti lilikuwa likiitengeneza sauti ya mwanamke kwa mikono ya wanaume, na kwamba mwanamke huyo wa kwenye karatasi alisukumwa kuelekea maisha ya ndani ya nyumba, upole na subira. Hoja hiyo inatuwezesha kuona kilichofanywa na jina la Dolly. Kijana wa kike aliyeandika barua hakutafuta fundisho la jumla. Fundisho la jumla alikuwa nalo tayari kutoka kanisani na nyumbani. Alimtafuta mwanamke mmoja mahususi, aliyejua mji, aliyewahi kupenda na kuvunjika moyo, aliyesimama jukwaani bila kuomba radhi. Maisha ya Rathebe yalikuwa ndiyo sababu ya kuandika. Jibu lililorudi lilibeba uzito wa maisha hayo bila kuwa na chembe ya ujuzi wake.

Ulinganisho wa safu mbili unakamilika hapa. Matshikiza na Rathebe walikuwa wanamuziki wa mji mmoja, na wote wawili waliliuzia jarida umaarufu wao. Mmoja alilipwa kwa kuandika. Mwingine aliandikwa. Tofauti hiyo haikutokana na upungufu wa maneno kwa upande wa Rathebe, kwa kuwa aliishi hadi mwaka 2004 na aliendelea kuimba na kusimulia hadi uzeeni. Ilitokana na imani ya chumba cha habari kwamba mwanamuziki wa kiume ana mawazo na mwanamuziki wa kike ana sura.

5. Nasaha, shauri na dhamana katika mapokeo ya Kiswahili

Mapokeo yetu yanasemaje kuhusu suala hili? Lugha yenyewe inatupa pa kuanzia. Kiswahili kina maneno kadhaa katika uwanja huu, na hayalingani. Wosia huachwa na mtu anayeondoka; nguvu yake inatokana na uhusiano wa damu na ukaribu wa kifo. Nasaha hutolewa na mwenye nia njema, na mwelekeo wake ni mmoja, kutoka kwa anayejua kwenda kwa asiyejua. Kufunda ni kazi ya kungwi au somo, na hufanyika mahali maalumu kwa muda maalumu. Shauri ni tofauti na hayo yote. Kitenzi shauri hupokea kwa urahisi kiambishi cha kutendeana, na kushauriana kunadai pande mbili zinazosikilizana. Tena neno hilohilo linabeba maana ya jambo linalomhusu mtu, hata likazaa usemi wa shauri yako, ambao tunautumia tunapojitoa katika matokeo ya uamuzi wa mwingine. Katika neno moja tunapata ncha mbili za utanzu huu: mshauri anayeshiriki mzigo, na mshauri anayenawa mikono.

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katikati ya karne ya 19, ni mfano wa ncha ya kwanza. Mtunzi ni mama, mwanafunzi ni binti yake, na utendi unatungwa mama akiwa mgonjwa. Wahakiki wengi wameyalaumu maudhui yake, hasa pale utii kwa mume unapofanywa njia ya peponi, na lawama hizo zina msingi. Lakini hebu tutazame kinachoziwezesha. Tunajua nani alisema, alimwambia nani, katika hali gani na kwa maslahi gani. Kwa hiyo tunaweza kujibizana naye: tunaweza kusema kwamba mama wa tabaka la juu katika jamii ya Pate na Siyu alikuwa na sababu za kumwandaa binti yake hivyo. Shaaban Robert, alipomtungia binti yake Utenzi wa Hati, alifanya jambo la namna hiyo akiwa baba. Hakujifanya mama. Alizungumza kutoka mahali alipo, na msomaji anaweza kupima mahali hapo panamruhusu kuona nini na panamficha nini.

Kungwi anatupatia mfano wa pili, unaokaribia zaidi safu ya gazeti. Maneno anayofundisha mara nyingi si yake, ameyarithi. Yeye ni mtamkaji wa mapokeo, na mdhamini ni jamii ya wanawake waliomkabidhi kazi hiyo. Hata hivyo, anafahamika kwa jina na nyumba. Mwali akiharibikiwa, kungwi huulizwa. Mgawanyo wa majukumu upo, lakini mlango wa kumfikia mwenye dhamana haujafungwa.

Safu za shangazi katika magazeti ya Kiswahili zimerithi istilahi kutoka mapokeo hayo na mfumo kutoka majarida ya aina ya Drum. Uteuzi wa neno shangazi si wa bahati. Katika jamii nyingi za eneo letu, shangazi ndiye mtu mzima ambaye kijana huruhusiwa kuzungumza naye mambo ambayo hawezi kumwambia mama. Gazeti linapotumia jina hilo, linaazima uhusiano uliojengwa kwa vizazi. Mwandishi wa barua huitika kwa kujiita mwana, na jibu hurudi kwa dhamira tegemezi, umpe muda, uzungumze naye, usikimbilie kuvunja ndoa, umbo ambalo katika Kiswahili lina upole wa mzazi kuliko ukali wa amri. Sarufi yote ya ujamaa imehamishiwa kwenye ukurasa. Kisichohama ni shangazi mwenyewe. Hatujui kama ni mwanamke, ana umri gani, ana ujuzi gani, wala kama kesho kiti chake hakitakaliwa na mwingine kwa jina lilelile.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu anayejibu barua za watu asiowajua, kwa jina lisilo lake, amebeba mizigo ambayo yote ni usufi. Hapo ndipo ushauri unapogeuka kuwa shauri yako.

6. Pingamizi mbili

Hoja hii inaweza kupingwa kwa njia mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba barakoa ni haki ya mwandishi. Euphrase Kezilahabi aliandika Rosa Mistika, riwaya ya mwaka 1971, akaingia katika maisha ya msichana kwa undani ambao wengi waliuona kuwa umepita kiasi, na hatumshtaki kwa kuwa mwanamume. Jibu ni kwamba riwaya ina mkataba wake. Jina la mtunzi liko juu ya jalada, na msomaji anajua kuwa Rosa ni kiumbe cha ubunifu. Hakuna mtu anayemwandikia Rosa kumwuliza kama aolewe. Safu ya ushauri ina mkataba kinyume cha huo: inaahidi mtu halisi kwa sababu inapokea matatizo halisi. Kutumia uhuru wa riwaya ndani ya mkataba wa ushauri ni kuchanganya tanzu mbili kwa hasara ya upande mmoja tu, nao ni upande dhaifu.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Inasema kwamba barua zilifaa kuliko majibu. Utafiti wa Mutongi unaonesha kuwa safu ya Dolly ilifungua uwanja ambamo vijana wa mataifa mbalimbali waliweza kuutaja uchumba, ujinsia na hofu zao mbali na masikio ya wazee, na kujua kwamba wapo wengine wenye hofu hizohizo. Ikiwa hivyo ndivyo, yafaa nini kuuliza nani aliandika jibu? Makala haya yanakubali sehemu ya kwanza ya pingamizi hiyo. Uwanja ule ulikuwa wa kweli na faida yake ilikuwa ya kweli. Lakini ni jina la Dolly lililoufungua. Vijana walithubutu kusema kwa sababu waliamini wanasikilizwa na mtu wa aina fulani. Faida hiyo basi haiwezi kutumiwa kuhalalisha mbinu iliyoipata. Ni ushahidi mwingine wa thamani ya kile kilichoazimwa bila kurudishwa. Aidha, tungependa kujua ni majibu gani ambayo Rathebe angeyatoa iwapo angeulizwa. Kutokuwapo kwa majibu hayo ni pengo katika historia ya fikra za wanawake wa Kiafrika mijini, na pengo hilo halikutokea lenyewe.

7. Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba safu mbili zilizokaa katika jarida moja, zikiwalenga wasomaji walewale, zilitofautiana katika jambo ambalo halionekani kwa kuzisoma juujuu. Katika uandishi wa muziki wa Matshikiza, aliyetamka, aliyetunga na aliyewajibika alikuwa mmoja, na mtindo wake wa pekee ulikuwa alama ya dhamana hiyo. Katika safu ya Dolly majukumu yaligawanywa kwa siri, na uaminifu wa mwanamke mmoja ukatumika kupitisha mawazo ya wanaume kuhusu wanawake.

Kwa taaluma ya Kiswahili, matokeo haya yana maana tatu. Kwanza, uchambuzi wa safu za ushauri usianzie kwenye swali la kama ushauri ni mzuri au mbaya, wa kimapokeo au wa kimaendeleo. Uanzie kwenye swali la nani anaweza kuulizwa. Mwana Kupona anaulizika, kungwi anaulizika, shangazi wa gazetini, kwa jinsi alivyoundwa hadi sasa, haulizika kwa urahisi. Pili, uandishi wa habari za muziki kwa Kiswahili, kuhusu dansi, taarabu na muziki wa kizazi kipya, unastahili kukusanywa na kuhaririwa kama sehemu ya nathari yetu. Waandishi hao, kama Matshikiza, wameandika juu ya sauti ambazo nyingine hazitasikika tena. Tatu, wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wasidhani kwamba magazeti yamekwisha kuchimbwa. Zipo kumbukumbu za magazeti ya Kiswahili ambamo barua za mapenzi za miongo kadhaa zinasubiri msomaji mwenye subira, na kila moja ina msemaji aliyeamini kwamba upande wa pili yupo mtu.

Kazi ya mhakiki ni kumtafuta mtu huyo. Akimkosa, aseme wazi kwamba kiti kilikuwa kitupu, na aeleze nani alifaidika kwa utupu wake.